Kaunta ya katikati ya jiko na stuli zake: hesabu imekubali, mapaja yamekataa

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu. Naleta uzi huu nikiwa na kaunta ambayo zege lake limekwisha kukauka, stuli nne za mninga ambazo nimekwisha kuzilipia, na mama watoto ambaye wiki ya kwanza alinicheka na sasa amenyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jiko letu liko wazi kuelekea sebuleni. Katikati tumejenga kaunta ya urefu wa mita 2.4, ile ambayo wengine huiita kisiwa. Upande mmoja ni wa kukatia na kuandalia chakula; upande wa pili, unaotazama sebule, ni wa kukalia. Kwa kuwa picha nyingi nilizozipenda zilikuwa na stuli ndefu, nilimwambia fundi uashi kwamba nataka kimo cha inchi 42, yaani takribani sentimita 107, kisha nikaagiza stuli ambazo kikalio chake kiko sentimita 75 kutoka sakafuni. Nilikuwa nimesoma kwamba kati ya kikalio na kaunta panatakiwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Nikatoa 75 kwenye 107, nikapata 32, nikaona mbili zinazozidi si neno.

Baada ya sakafu kusawazishwa na marumaru kulazwa, nimepima upya kwa futi kamba. Nikihesabu na graniti ambayo bado haijawekwa, uso wa kaunta utakuwa sentimita 103. Nafasi imekuwa 28, ndani kabisa ya kipimo kinachosifiwa, nami nikafurahi. Kisha nikaketi. Mapaja yanagusa zege kwa chini, magoti yanagonga ukuta wa matofali, na ili mtu aweze kula inambidi akae upande, kama abiria wa bodaboda aliyevaa gauni. Kijana wangu wa miaka 9 anakaa bila shida. Mimi mwenye mwili kiasi sivumilii dakika kumi.

Naomba kuelimishwa: ikiwa hesabu imekubali, kosa liko wapi? Na je, nikate stuli au nivunje kaunta?

Mwashi Mkongwe

Ndugu mleta uzi, kabla ya kufika kwenye stuli, tuelewe kwanza namna 107 ilivyogeuka kuwa 103, kwa sababu kosa hilo linajirudia katika nyumba nyingi na mara zote huanzia kwetu waashi.

Bila shaka fundi wako alijenga kozi nne, yaani safu nne, za matofali ya inchi 6 yaliyosimamishwa. Tofali moja likisimama lina sentimita 22.5, na udongo wa saruji chini ya kila kozi ni kama sentimita 2, hivyo kozi nne zinatoa 98. Juu yake akamwaga zege la inchi 3, ambalo ni 7.5, akakuachia 3 za graniti pamoja na saruji ya kuilalishia. Jumla ni 108.5. Alipopima aliona amevuka 107 uliyoitaka, akaridhika. Ila alipima kutoka kwenye jamvi, yaani zege la chini kabla ya sakafu kusawazishwa. Baadaye ikaja sakafu ya kusawazisha yenye sentimita 4, ikaja gundi, likaja marumaru lenyewe, na kwa pamoja vimekula 5.5. Toa 5.5 kwenye 108.5 upate 103 yako.

Kimo chochote cha jikoni, iwe kaunta, soketi au kabati la juu, hupimwa kutoka kwenye sakafu iliyokamilika. Ikiwa marumaru bado hayajalazwa, fundi achore ukutani mstari wa mahali ambapo uso wa marumaru utafika, kisha apime kutoka kwenye mstari huo. Mstari wa penseli haugharimu kitu.

Seremala wa Keko

Mwashi Mkongwe ameeleza jinsi kaunta ilivyoshuka, lakini hajaeleza kwa nini mapaja yanabana, maana 28 kweli ni nafasi nzuri. Ngoja nijaribu, kwa kuwa swali hili huletwa kwenye karakana yetu na watu waliokwisha kununua.

Mtu akiketi mbele ya kaunta, miili miwili hukutana nayo. Kuna mwili wa juu, yaani viwiko, ambavyo vinaangalia uso wa kaunta. Kuna mwili wa chini, yaani mapaja, ambayo yanaangalia tumbo la kaunta, kule chini kusikoonekana. Kiwiko cha mtu mzima aliyeketi huwa sentimita kama 20 hadi 28 juu ya kikalio, ndiyo maana uso wa kaunta ukiwa juu ya kikalio kwa 25 hadi 30 mikono hupumzika vizuri. Paja nalo lina unene wa sentimita 13 hadi 18, na linahitaji nafasi ya ziada ili mtu aweze kujigeuza na kuvuka mguu. Kwa hiyo chini ya kaunta pawe na 20 wazi, na mtu mwenye mwili mkubwa apate hata 23.

Kanuni uliyoisoma ilitungwa mahali ambapo kaunta ni ubao au jiwe la sentimita 3 au 4. Kwa kaunta nyembamba namna hiyo, ukitosheleza viwiko umetosheleza na mapaja, na hakuna haja ya kupima mara mbili. Kaunta yako ina zege na graniti, jumla 10.5. Uso uko 103, lakini tumbo lake liko 92.5. Toa 75 ya stuli, unabakiwa na 17.5. Viwiko vyako vimepewa haki yao, mapaja yamenyimwa. Kijana wako ana mapaja membamba, ndiyo maana halalamiki.

Magoti kugonga ukuta ni jambo jingine. Zege limetokeza kiasi gani nje ya matofali?

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Sentimita 15. Fundi alisema likizidi hapo litahitaji nondo nyingi.

Seremala wa Keko

Basi huko si mahali pa kukaa, ni mahali pa kuegemea.

Mkazi wa Kimara

Mimi naona mnaikuza shughuli. Akate stuli sentimita 5 zifike 70, mapaja yatapata 22.5 na maisha yaendelee.

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Ndugu wa Kimara, wazo hilo nimelijaribu leo bila kukata chochote. Nimepanga kreti za soda na vipande vya ubao hadi kikalio kikawa 70, nikala wali na maharage hapo. Mapaja yalikaa vizuri. Lakini uso wa kaunta sasa uko 33 juu ya kikalio, na mabega yanapanda kama ya mtoto aliyeketishwa kwenye meza ya wakubwa. Nimejaribu pia 72, nikapata kidogo huku na kidogo kule, na sikupata raha kokote. Magoti bado yanagonga.

Msafiri wa Minnesota

Nimefanya kazi kadhaa za kufunga makabati ya jikoni huku Marekani, na nadhani ni vyema nieleze chimbuko la namba hizi, kwa sababu zinasafiri kwa picha na kuacha maelezo nyuma.

Huku kuna vimo vitatu vya kukalia vinavyotambulika. Cha chini ni meza ya kawaida, inchi 30 au sentimita 76, inayokwenda na kiti cha kawaida cha 45. Cha kati ni kaunta ya jiko, inchi 36 au 91, ambayo stuli yake huwa 61 hadi 66. Cha juu ni kaunta ya baa, inchi 42 au 107, na stuli yake ni 71 hadi 76. Madukani stuli za kati na za juu hufanana sana kwa sura, na watu wengi huku huku huchukua stuli za baa wakazileta kwenye kaunta ya 91. Kwa hiyo mleta uzi usijione peke yako. Wewe angalau stuli zako zililingana na kimo ulichokikusudia.

Kuhusu magoti, chama cha wataalamu wa majiko na mabafu cha Marekani, NKBA, kinapendekeza kina cha nafasi ya magoti kibadilike kulingana na kimo: kwenye meza ya inchi 30 kina kiwe inchi 18 (sentimita 46), kwenye kaunta ya 36 kiwe inchi 15 (38), na kwenye ya 42 kiwe inchi 12 (30). Sababu yake utaiona ukikaa: kadiri kikalio kinavyopanda, ndivyo miguu inavyoning'inia kuelekea chini badala ya kunyooka mbele. Kwa kaunta yako ya 103 ungehitaji zaidi ya 30, nawe una 15, chini ya nusu yake. Hata stuli ingekuwa ya kimo gani, magoti yangegonga.

Chama hicho hicho kinampa kila mketi upana wa inchi 24, yaani sentimita 61. Usipange stuli nne kwenye mita 2.4 hadi uhakikishe kwamba mita hizo zote ni za kukalia, maana mara nyingi ncha moja huliwa na ukuta au kabati.

Mama wa Mbweni

Naomba niingie hapa, kwa sababu tangu uzi uanze wanaume wanapima mapaja na hakuna aliyeuliza nani atapika juu ya kaunta hiyo.

Kaunta hii ina pande mbili, na upande wa kazi ndio unaotumika kila siku. Sehemu ya kukatia inatakiwa iwe chini ya kiwiko cha mtu aliyesimama kwa sentimita 10 hadi 15. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 kiwiko chake kiko karibu na 100, kwa hiyo kimo chake cha kukatia ni 85 hadi 90. Kwenye 103 atakata vitunguu mabega yakiwa masikioni. Na kukanda unga wa chapati kunataka pawe chini zaidi ya hapo, kwa kuwa mtu hukanda kwa uzito wa mwili wake, si kwa mikono mitupu. Bibi zetu waliketi kwenye kibao cha mbuzi wakakuna nazi, wakachambua mchicha kwenye kigoda, na kazi ilikuwa mapajani au chini yake. Sisi tumeipandisha kazi hadi kifuani kwa sababu ya picha.

Jambo la pili, orodhesheni watu watakaokaa hapo. Watoto wanaofanya kazi za shule jioni watakaa saa nzima. Mgeni atakaa anapoongea na anayepika. Mzee mwenye magoti mabovu hatapanda stuli ya 75 hata mkimshika mkono, na akipanda kushuka kwake kutatutia hofu wote. Mtoto wa miaka miwili atapanda mkiwa hamtazami, na akianguka kutoka 75 si sawa na kuanguka kutoka 63. Mimi kwangu niliweka 90 na sijawahi kuijutia.

Mkazi wa Nyali

Nawaheshimu, lakini nyumba yangu hapa Mombasa ina kaunta ya ngazi mbili na ninaipenda. Upande wa kazi ni 90, upande wa kukalia umeinuliwa hadi 107, na ule mwinuko unaficha sinki na masufuria machafu ili mgeni aliyeko sebuleni asiyaone. Jikoni kukiwa wazi namna hiyo, stara ina thamani yake. Sikubali kwamba 107 ni kosa kwa kila mtu.

Mama wa Mbweni

Dada wa Nyali, wako ni mpango uliopangwa, na upande wako wa kazi ni 90 kama nilivyosema. Nakuuliza tu: watu hukaa hapo juu au huegemea?

Mkazi wa Nyali

Nikisema kweli, hukaa kwa kahawa. Chakula tunakula mezani.

Seremala wa Keko

Swali hilo ndilo lingepaswa kuulizwa kabla ya matofali. Kimo cha 107 kinafaa kwa kukaa kwa muda mfupi na kwa mtu aliyesimama, kwa kuwa macho ya aliyeketi na ya aliyesimama hukaribiana na mazungumzo huwa mazuri. Mahali pa kula kila siku na pa kuandikia madaftari, 90 inashinda. Mleta uzi, kwako watu watafanya nini hapo?

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Nimemuuliza mama watoto, akajibu kabla sijamaliza swali: chai ya asubuhi, madaftari ya jioni, na chapati siku ya Jumapili. Hakuna kahawa ya wageni kwenye orodha yake. Mama yangu mzazi pia hutukalia miezi miwili au mitatu kila mwaka, na magoti yake yanamsumbua. Kwa hiyo nakubali kushuka hadi 90. Mwashi Mkongwe, inawezekana bila kubomoa hadi chini?

Mwashi Mkongwe

Inawezekana, na nashukuru kwamba graniti haijawekwa. Ondoa zege la juu na kozi ya nne. Zinabaki kozi tatu za kusimama, ambazo ni 73.5 kutoka jamvini. Kozi ya nne ijengwe upya kwa matofali ya kulaza. Tofali likilala ni 15, pamoja na saruji ni 17. Sasa una 90.5 kutoka jamvini, sawa na 85 kutoka kwenye marumaru. Usimwage zege tena. Fundi wa kuchomelea atengeneze fremu ya paipu za mraba za inchi 1, ambazo ni 2.5, aifunge kwa boliti zilizozikwa katika kozi ya juu, na graniti ya milimita 20 ibandikwe juu ya fremu. Uso wa kaunta utafika 89.5. Tumbo lake, yaani chini ya fremu, litakuwa 85.

Fremu itokeze 38 upande wa kukalia, kama alivyosema ndugu wa Minnesota. Graniti ya milimita 20 usiiache ining'inie yenyewe kwa urefu huo, kwani ikitokeza zaidi ya sentimita 15 au 20 bila kushikwa inaweza kuvunjika siku mtu atakapoiegemea au mtoto atakapoikalia. Mikono ya fremu iwe kila baada ya sentimita 60, na ipangwe iangukie kati ya stuli na stuli, isije ikakutana na magoti yale yale tunayoyatetea. Na kabla ya kubomoa, zima umeme ikiwa kuna soketi katika ukuta huo.

Msafiri wa Minnesota

Niongeze gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti. Kutokeza kutoka 15 hadi 38 kunakula sentimita 23 za njia ya nyuma. Je, kutoka ukuta wa kaunta hadi mgongo wa kochi kuna kiasi gani? NKBA inapendekeza nyuma ya watu walioketi pawe na sentimita 81 ikiwa hakuna anayepita, 91 ikiwa mtu atapita kwa kujibana, na 112 ikiwa atapita kwa kutembea kawaida. Vipimo hivyo huanzia kwenye ukingo wa kaunta.

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Kuna 145. Nikitoa 38 inabaki 107. Tutapita kwa adabu kidogo, au kochi lisogezwe.

Mkazi wa Kimara

Nami nirudi na swali la kweli safari hii. Kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu. Je, 90 inamfaa?

Msafiri wa Minnesota

Haimfai. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, vinaweka uso wa meza ya kulia kati ya sentimita 71 na 86, na chini yake pawe na kimo wazi cha 68.5 na upana wa 76. Meza ya kawaida ya 75 yenye ubao mwembamba, iliyounganishwa kwenye ncha ya kaunta, inakidhi haya yote iwapo miguu ya meza imeachana vya kutosha. Mzee mwenye magoti mabovu naye atakaa hapo kwenye kiti cha kawaida.

Seremala wa Keko

Sasa stuli. Kwa tumbo la 85 na uso wa 89.5, nakushauri kikalio kiwe 63: mapaja yatapata 22, viwiko vitapata 26.5. Unakata 12 kutoka kwenye 75. Kwa kuwa miguu ya stuli zako imetanuka, usipime hizo 12 kwa kufuata mguu, pima wima. Simamisha stuli mahali palipo sawa kabisa, chukua kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 12, weka penseli juu yake, kisha izungushe kwenye kila mguu. Mstari utakaopata una mlalo wake, na ukiufuata kwa msumeno mguu utakanyaga sakafu kwa uso wake wote. Ukikata mraba kama unavyokata ubao wa kawaida, stuli itasimama kwenye ncha nne na itakwaruza marumaru.

Kikanyagio kiko wapi kwa sasa?

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Sentimita 30 kutoka sakafuni.

Seremala wa Keko

Vizuri. Kutoka kikalio hadi kikanyagio ni 45, na hiyo haitabadilika ukikata chini. Kikanyagio kitakuwa 18 kutoka sakafuni. Ingekuwa kimefungwa chini zaidi, tungelazimika kukihamisha. Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na stuli za chuma, hizo hukatwa kwa grinda na kuwekewa vifuniko vipya vya mpira. Zile za kupanda na kushuka kwa gesi hazikatwi, wala hakuna haja, ila mhakikishe kwamba kimo chake cha chini kabisa kinafika mnapopataka.

Mjenzi wa Goba (mleta uzi)

Wanajukwaa, narudi na mrejesho baada ya majuma matano.

Kubomoa kulichukua siku moja na vumbi lake siku nne. Fremu imefungwa, graniti imewekwa, na uso umetoka 90 kamili kwa sababu gundi ilikuwa nene kidogo. Kati ya mita 2.4, mita 1.8 ni za kukalia, kwa hiyo tumepata nafasi tatu na si nne. Ncha iliyobaki imeungwa na meza ndogo ya mninga yenye kimo cha 75, ambako mama yangu anachambulia mchicha akiwa kwenye kiti cha kawaida na kutoa maelekezo kwa kila anayepika. Stuli tatu zimekatwa hadi 63. Nimekaa hapo saa nzima nikiandika mrejesho huu, na nimevuka mguu mara mbili.

Stuli ya nne haijakatwa. Iko kibarazani, imebeba chungu cha mlimao, na kwa kimo chake cha 75 hata mbuzi wa jirani bado hajaufikia mlimao huo.